Umeona video ya shimo na nailoni, sasa unataka kwenda Natron

Kuna kijana kaniandikia, swali lake nalifupisha. Yeye na washkaji zake watatu wanataka kutembea kwa miguu siku tatu mwezi wa tisa, waanzie nyanda za juu za Ngorongoro washuke mpaka Engaresero kwenye Ziwa Natron. Wamekuwa wakiangalia zile video za mabingwa wa kuishi porini, jamaa anachimba shimo anafunika nailoni anapata maji, anakata kaktasi anakunywa, anapekecha moto kwa vijiti, mwenzie anagongwa na nyoka yeye ananyonya sumu na kutema. Binamu yake anasema wasijitwishe mizigo, wabebe nailoni, kisu na kiberiti, mengine pori litawapa. Sasa anauliza: "Kaka mkubwa, hizi mbinu zinafanya kazi kweli au ni usanii wa kamera?"

Mdogo wangu, nyingi ni za kweli na bado zinaweza kukuua, hapo ndo utata ulipo. Mimi nimeshusha watu huko bondeni miaka mingi na karibu hizo mbinu zote nishazijaribu, nyingine kwa sababu ya kazi na nyingine kwa ujinga tu wa kutaka kujua, kwa hiyo ngoja nikwambie nilichokiona.

Tuanze na shimo, maana naona ndilo limekuteka. Sayansi yake safi kabisa. Watafiti wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani, Ray Jackson na Cornelius van Bavel, waliliandikia kwenye jarida la Science mwaka 1965, unachimba shimo la kama mita moja, katikati unaweka chombo, juu unafunika nailoni na kijiwe katikati ili ibonyee, jua linapasha udongo, mvuke unapanda unagonga nailoni, unateremka tone tone kwenye chombo. Wao walipata mpaka karibu lita moja na nusu kwa siku wakitupia na vipande vya kaktasi mle ndani. Ukiishia hapo unasema aah, mashimo matatu tu tumemaliza shida ya maji.

Sasa nikwambie ya kwangu. Tulikuwa wanafunzi wa uongozaji watalii, mwalimu akatuambia tujaribu, msimu wa kiangazi, udongo mkavu kama unga. Tulichimba wawili kwa kupokezana karibu saa nzima na jembe, sikiliza, jembe la kweli, sio kisu, mashati yamelowa mpaka kwenye mkanda. Tukafunika saa tatu asubuhi. Saa kumi na moja jioni tumefunua, kikombe cha bati kina maji hayafiki nusu na mende mmoja kazama mle. Mwenzangu alinywa, akasema yana ladha ya ndoo mpya. Halafu piga hesabu: mtu anayefanya kazi nzito kwenye jua kali anaweza kutoa jasho mpaka lita nzima kwa saa moja. Wawili tumemwaga labda lita na nusu ardhini ili tuvune nusu kikombe. Hiyo ni biashara ya kichaa, ni kama kuuza ng'ombe upate hela ya kununua maziwa.

Ila hapo hapo ndo nilipojifunza jambo ambalo video haisemi. Ile nailoni yenyewe, tungeifunga kwenye migunga miwili tukajibanza chini yake kuanzia saa nne mpaka saa kumi, tungeokoa maji mengi kuliko shimo lolote, kwa sababu maji ya kwanza unayotakiwa kuyatunza ni yale ambayo tayari yako mwilini mwako. Kwa hiyo kila mbinu ukiiona, usiulize inafanya kazi au haifanyi, uliza inanigharimu jasho kiasi gani, na nani anaishi kwa mbinu hii kila siku? Sijawahi kuona Mmaasai wala Mhadzabe amechimba shimo akafunika nailoni, na sio kwamba hawajui nailoni.

Ya kaktasi naipita haraka. Huku kwetu hiyo mimea mirefu inayofanana na kaktasi mingi sio kaktasi, ni jamii ya mnyaa, wengine wanaiita manyara, ukiikata inatoa utomvu mweupe kama maziwa. Huo utomvu ukiingia machoni unaweza kukupofusha kwa siku kadhaa na ukinywa utatapika maji hata yale uliyokuwa nayo. Usiguse. Mkojo nao, mwili umeshahangaika kutoa chumvi na taka halafu wewe unazirudisha, na kadiri unavyokaukiwa ndivyo unavyokuwa mkali zaidi. Najua utaniletea kesi ya yule Mwitaliano Mauro Prosperi aliyepotea kwenye mbio za jangwani Moroko mwaka 1994 akaja kuonekana Algeria baada ya siku kama 9, na ni kweli alikunywa mkojo. Lakini soma yote: alipata kijumba cha kujisitiri na jua, na alitembea asubuhi na jioni tu. Watu wanakumbuka mkojo kwa sababu unachekesha, kivuli hakina mtu wa kukisimulia.

Mbinu ya maji ninayoiamini mimi ni kuchimba mchanga wa korongo kavu. Hii hata haina jina la kizungu, ni maisha. Nenda Dodoma wakati wa kiangazi, nenda Kitui kule Kenya, kina mama wanafukua mchanga kwa mikono na bakuli, wanasubiri, maji yanajikusanya taratibu chini ya kishimo. Tembo wa Ruaha na Tarangire wanafanya hivyo hivyo kwa miguu na mkonga, na wanyama wengine wanakuja kunywa nyuma yao. Siri ni kujua pa kuchimba: upande wa nje wa kona ya mto, au pale mwamba unapokatiza chini ya mchanga, au penye miti mibichi ilhali kote kumekauka. Ukifukua mpaka kiwiko na mchanga bado unamwagika mkavu, acha, hamia kwingine, usigombane na ardhi.

Sasa Natron ina mtego wake hapa, nisikilize vizuri. Vitabu vyote vya porini vinasema ukipotea fuata mto kuelekea chini, utakuta watu. Peru mwaka 1971 yule binti Juliane Koepcke, alikuwa na miaka 17, ndege ilipasuka angani akaangukia msituni, akafuata kijito siku 11 mpaka akakuta watu. Sawa, Amazon. Wewe ukifuata korongo kwenda chini kule kwetu utafika kwenye ziwa ambalo halina mto unaotoka, maji ya magadi tupu, yanaunguza ngozi, na ukingo wake ni tope lenye ganda jeupe juu ambalo linakubeba hatua tatu, ya nne limekumeza mpaka gotini. Mbinu ile ile, nchi nyingine, mwisho mwingine. Kule cha kufuata ni njia za ng'ombe. Utaziona vijia vyembamba vimekatwa na kwato, viwili vinakutana vinakuwa kimoja, kinakutana na kingine kinakuwa kipana zaidi, huko vinakokutania ndo kwenye maji au kwenye boma. Vikianza kutawanyika ujue unaelekea malishoni, geuka.

Maji ukishayapata, kuyasafisha ni eneo ambalo mbinu za kimaskini zinashinda kwa kweli. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, toa karatasi ya nembo, jaza maji yasiyo na tope, ilaze juani masaa 6, kukiwa na mawingu mengi siku mbili. Hii sio hadithi, ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai wa Kajiado, Kenya, na matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1996, kuharisha kulipungua. Maji yakiwa na tope unayachuja kwanza kwa kitambaa, au unasaga mbegu za mlonge unakoroga unaacha yatulie, tope linashuka chini, bibi zetu wengine wanalijua hilo siku nyingi, ila mlonge hauui vijidudu vyote kwa hiyo bado unahitaji jua au moto. Kuchemsha kunafanya kazi popote, hata juu mlimani ambako maji yanachemka kabla ya nyuzi 100. Ambacho hakuna chupa wala moto utakaokitoa ni chumvi, magadi na ile floraidi inayofanya meno ya watu wengi wa mkoani Arusha yawe ya kahawia. Ukichemsha unaiongeza nguvu tu kwa sababu maji yanapungua yenyewe inabaki. Siku tatu haitakudhuru lakini usije ukasema sikukwambia.

Moto. Kupekecha kunafanya kazi, nimeona kwa macho yangu mara nyingi. Mzee mmoja wa Engaresero aliweka sime chini imelala, juu yake kipande cha mti mlaini chenye kitobo na mfereji pembeni, akasimamisha kijiti kigumu kile ambacho kamusi za Kiswahili zinakiita ulindi, akaanza kukizungusha kati ya viganja huku mikono inashuka kwa kasi, akifika chini kijana wake anadaka juu, hakuna sekunde inayopotea. Moshi, halafu vumbi jeusi, halafu kaa dogo kama punje ya mtama limekaa kwenye ubapa wa sime. Akalimwagia kwenye kinyesi kikavu cha punda kilichofikichwa, akapuliza polepole kama anaongea nalo, moto huo. Kabla sijamaliza kufungua kamera. Akanipa mimi. Nilipekecha mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikapata moshi mwingi na kicheko cha watoto. Mzee ananiambia kwa upole, "Mti wako umeshalowa jasho."

Unaona? Mbinu ipo, ila iko mikononi mwa yule mzee, haiko kwenye video. Wewe beba viberiti viwili vya gesi, kimoja kwenye begi kimoja mfukoni, na kipande cha tyubu ya baiskeli. Ukikikata vipande vyembamba kinashika moto hata kikiwa kimelowa na kinawaka muda mrefu, kinanuka vibaya lakini hatuendi harusini. Stilwaya ya kusugulia sufuria na betri ya volti 9 navyo vinawaka kweli, nimefanya, ila nani anatembea na betri ya volti 9 siku hizi.

Nyoka sasa, na hapa naomba usisome kwa haraka.

Kunyonya hakufanyi kazi. Sumu ikishapigwa ndani inaenda kwenye nyama na mfumo wa limfu, haijakaa pale mlangoni inakusubiri. Marekani walishawahi kupima hata kile kifaa maalumu cha kunyonyea kinachouzwa madukani, kwa watu waliojitolea kudungwa kimiminika cha mfano wa sumu, kilichotoka hakikufika hata asilimia 1. Mdomo wako utafanya nini? Kuchanja na wembe ni mbaya zaidi, kwa sababu sumu za baadhi ya nyoka zinazuia damu kuganda, unajifungulia bomba. Kufunga kamba ya kukaza, hii ndo imekata watu miguu, na bafe ambaye ndo wengi wanamkanyaga kwa sababu hakimbii, amelala tu njiani kama gogo, sumu yake inaozesha nyama pale pale, ukimfungia mlango isitoke unamsaidia nyoka. Shoti ya plagi ya pikipiki? Ilitokana na barua ya madaktari kwenye Lancet mwaka 1986, ikasambaa dunia nzima, baadaye walipopima vizuri hamna kitu, lakini mpaka leo kuna bodaboda atakwambia washa nikupige kidogo. Na lile jiwe jeusi la nyoka ambalo nyumba nyingi vijijini wanalo, mara nyingi ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa ukawa mkaa, linanata kwenye damu kwa sababu lina vitundu linafyonza unyevu, likidondoka tunasema limeshiba sumu. Watu wanaliapia kwa sababu nyoka wengi hawana sumu, na hata wenye sumu mara nyingine wanang'ata bila kuitoa, mtu anapona, jiwe linapewa sifa.

Kinachotakiwa hakina sinema hata kidogo. Ondoka karibu na nyoka, usimfukuze umpige picha. Vua pete, bangili, saa na kiatu kabla hapajavimba. Kalisha au laza mtu, mguu ufungiwe kijiti uwe kama umevunjika, kwa kitambaa kisichokaza, asitembee hata hatua moja kama kuna wa kumbeba. Akiwa hoi mlaze kwa ubavu. Halafu ni usafiri tu, na simu ipigwe kabla kuulizia wapi wana dawa ya sumu ya nyoka kwa sababu sio kila zahanati inayo, unaweza ukapoteza saa mbili kwenda mahali watakakokuambia nenda mjini. Swila akitemea machoni, osha kwa maji mengi, mengi kweli, mimina chupa nzima, hapa hata kama maji ni ya kubana mwaga. Na kinga yake ni buti zinazofunika kifundo cha mguu, na tochi usiku hata ukienda kujisaidia hatua kumi.

Kuhusu kujua mwelekeo, ile ya saa ya mkononi, unaelekeza mshale mfupi kwenye jua unagawa katikati yake na namba 12, hiyo ilitengenezwa na watu wa nchi ambazo jua halipandi utosini. Natron iko kama nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, mwisho wa mwezi wa tisa jua la saa sita mchana linakaa juu ya kichwa chako kabisa, kivuli chako unakikanyaga mwenyewe, sasa mshale utauelekeza wapi? Halafu sisi saa zetu tunaanza kuhesabu asubuhi, ukichanganya na ya kizungu unarudi ulikotoka. Bora kijiti: kichomeke wima, weka kokoto kwenye ncha ya kivuli, subiri robo saa, weka kokoto ya pili, ya kwanza ndo magharibi ya pili mashariki, huku kwetu inafanya kazi vizuri kuliko Ulaya. Na mwezi huo wenyewe jua linachomoza karibu mashariki kamili, kwa hiyo asubuhi huhitaji hata kijiti. Usiku, nyota ya kaskazini wanayoisema kwenye video hutaiona, iko chini ya upeo. Tafuta zile nyota tatu zilizojipanga mstari, kuanzia saa sita usiku hivi zinachomoza mashariki barabara, na zinazama magharibi barabara.

Ngoja nikupe moja tamu maana nimekuvunja moyo sana. Kuna ndege anaitwa mlembe, anakuja anapiga kelele mbele yako, anaruka mti hadi mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki, wewe unachukua asali yeye anakula nta. Ukimhadithia mtu wa mjini anadhani ni ngano za sungura na fisi. Claire Spottiswoode na wenzake walipima jambo hili na Wayao kwenye hifadhi ya Niassa, Msumbiji, wakachapisha 2016 kwenye Science: ukitoa ule mlio wa Wayao wa kumwita, uwezekano wa kupata mzinga unapanda kutoka asilimia 16 mpaka 54. Wahadzabe wao wanampigia mluzi. Lakini ukienda kwao Eyasi ukapiga mlio wa Wayao usitegemee makubwa, ndege wa kule amezoea lugha ya kule. Basi ndo mbinu zilivyo, zina kabila na zina kijiji.

Kwa hiyo safari yenu. Nyie wanne, pigeni lita 5 kila mtu kwa siku, msinipunguzie hata nusu, huko chini mchana joto linacheza kwenye 40. Hamtaweza kubeba mgongoni na wala msijaribu, kodini punda na Mmaasai mwenyeji wa njia hiyo, punda mmoja anabeba madumu mawili ya lita 20 bila kulalamika, na huyo mwenyeji ndo mbinu yenu ya kuishi porini, anajua korongo lipi lina maji na lipi lina magadi. Anzeni kutembea saa kumi na moja alfajiri, saa nne mmeshasimama. Mwachie mtu mmoja mjini karatasi yenye njia, majina na saa ya mwisho ambayo akiwa hajapata simu yenu aanze kupiga kelele, maana mtandao mle unapatikana kwa bahati. Filimbi moja na kioo kidogo kila mtu, jua la kule kioo kinaonekana mbali sana.

Na nailoni ya binamu yako bebeni, iwe kubwa ya kuwatosha wote wanne, na kamba za kutosha. Jembe acheni nyumbani.